Tumbo la Somo

Kiswahili cha pwani kimelijengea jambo la choo ukuta mrefu wa adabu. Mtu mwenye heshima zake haendi chooni. Huenda msalani, huenda haja, huenda kujisaidia, au husema tu kwamba anatoka kidogo. Anayeharisha husemwa kuwa tumbo lamwendesha, mithili ya abiria asiyejua atashushwa wapi. Neno lenyewe, choo, limebeba mambo mawili kwa pamoja, yaani nyumba na kile kinachoachwa ndani yake. Na mtu aliyefunga choo siku tatu, siku ya nne husema kwa furaha kwamba amepata choo, kama asemavyo aliyepata riziki. Adabu hii ni pambo la lugha, na mezani ni lazima. Ila ina gharama yake, na mwenye kuilipa ni mgonjwa.

Msasani, katika Kinondoni ya Dar es Salaam, ni kijiji cha wavuvi ambacho jiji limekizunguka. Upande mmoja ngalawa hupandishwa mchangani na samaki hupigwa mnada asubuhi. Upande wa pili, juu ya rasi, yamesimama majumba ya kifahari, maduka makubwa na famasi zenye viyoyozi. Mwendo wa miguu kati ya Msasani hizo mbili si mrefu, lakini watu wake hukutana zaidi sokoni Namanga kuliko sebuleni.

Katika Msasani ile ya kijijini anaishi somo mmoja, au kungwi kama wengine wamwitavyo, mwanamke wa miaka hamsini na ushei. Kazi yake ni kuwafunda wali. Kwa muda wa miaka mingi amewaingiza ndani wasichana wa Mikoroshini, wa Bonde la Mpunga na hata wa ng'ambo ya daraja, akawafundisha usafi, unyumba, hedhi na uzazi. Hakuna kiungo cha mwili wa mwanamke asichokuwa na jina lake, na majina mengine huyataja kwa ngoma na vigelegele. Mbele yake mama wazazi huinamisha macho, yeye huendelea kusema.

Tumbo lake lilipoanza kuumwa, somo huyu alikosa neno. Alikuwa akienda choo mara sita, mara nane kwa siku, na usiku kuamka mara mbili. Choo kilikuwa na ute, kisha kikawa na damu. Baada ya kutoka msalani hamu ya kurudi haikumwacha, kana kwamba utumbo haukuamini kuwa umekwisha. Katika zahanati alisema, "Tumbo linanisumbua," akanyamaza. Alipewa dawa ya amiba, na hilo halikuwa ajabu, kwani amiba ni miongoni mwa mambo ya kwanza kufikiriwa katika nchi za joto. Alipona siku tano, akarudiwa. Akapewa tena, na mara ya tatu. Katika safari zote tatu neno damu halikutoka kinywani mwake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha wali methali hiyo.

Maradhi yakaanza kumchorea ramani mpya ya jiji. Kariakoo ikawa mbali, si kwa nauli bali kwa foleni. Kwani daladala ikisimama nusu saa barabarani, abiria mwenye tumbo la namna hiyo hana wa kumlilia. Akajua msikiti upi una choo cha wanawake na stendi ipi ina choo cha kulipia. Akaacha kula kabla ya safari, kisha akaacha safari. Alialikwa shughuli mbili, akatuma udhuru. Somo asiyeonekana kwenye shughuli ni kama ngoma iliyolazwa juani. Watu waliuliza, akawajibu kwamba ni umri.

Mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akiishi naye, ndiye aliyeuvunja ukimya huo, na aliuvunja kwa maneno manne: "Shangazi, unatoka damu wewe." Hakuwa akiuliza. Wakaenda hospitali kubwa. Choo kilipimwa kwanza, kutafuta amiba na mayai ya kichocho cha tumbo. Halafu kikafuata kipimo cha kamera kinachoingizwa kwa njia ya haja kubwa, na vipande vidogo vya ngozi ya ndani ya utumbo vikachukuliwa kwenda kutazamwa kwa hadubini. Hatua hizi si urasimu. Kifua kikuu cha utumbo chaweza kufanana mno na maradhi mengine yenye kuvimbisha matumbo, na dawa za kutuliza uvimbe akipewa mwenye kifua kikuu au mwenye amiba zaweza kumwangamiza. Jibu lilipokuja lilikuwa na jina ambalo hakuna jirani aliyelijua: kolaitisi ya vidonda.

Ni moja kati ya maradhi mawili makuu yanayowekwa katika kundi moja la kuvimba kwa utumbo kusikokwisha. Kolaitisi ya vidonda, ambayo tabibu Samuel Wilks wa London aliieleza mwaka 1859, hukaa katika utumbo mpana. Huanzia kwenye puru na kupanda juu, ikichubua ngozi ya ndani. Ndugu yake ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn wa New York, aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Huo waweza kushika popote, tangu kinywani hadi mwisho wa njia, na huchimba ndani zaidi. Katika yote mawili hakuna mdudu mmoja wa kumshitaki. Kinga ya mwili, iliyowekwa kuwa mlinzi wa nyumba, huwageukia bakteria ambao siku zote wamekuwa wapangaji halali wa utumbo, na katika vurugu hiyo kuta za nyumba huchomeka. Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa ki ndani zaidi ya nguo. Kwa muda mrefu vitabu vilisema haya ni maradhi ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Katika miongo ya karibuni yamezidi kuonekana katika miji ya Asia, ya Amerika ya Kusini na ya Afrika. Na palipokosekana kamera, ni vigumu kujua ni wangapi waliomezeshwa dawa za amiba mpaka wakachoka.

Somo alipewa salfasalazini, vidonge vya rangi ya manjano iliyoiva. Ni dawa ya zamani, iliyobuniwa Uswidi kwa juhudi za daktari Nanna Svartz mwishoni mwa miaka ya 1930, awali kwa ajili ya maradhi ya viungo. Wiki za mwanzo zilikuwa nzito: kichwa kiliuma, chakula kilimchafua moyo, na mkojo ukageuka rangi ya chungwa hata akadhani ini limeharibika. Kisha damu ikapungua, ikakoma. Alilala usiku kucha kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba. Akarudi kwenye shughuli.

Hapo ndipo kopo lilipoingia nyumbani. Lililetwa na msichana aliyemfunda zamani, sasa ameolewa na anakaa kule juu ya rasi. Alikuja kumjulia hali mara tu baada ya Ramadhani.

"Somo, nimekuletea dawa ya kizungu isiyo na kemikali. Humu mna bakteria wazuri, mabilioni."

"Bakteria na uzuri, wapi na wapi?"

"Wapo, somo. Wanalijenga tumbo. Na huna haja hata ya kwenda kwa daktari."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyolinunua kopo. Kwa daktari kuna maswali: mara ngapi, rangi gani, damu kiasi gani, imechanganyika au iko juu. Famasi ya rasini haiulizi. Mtu hunyoosha mkono, hulipa, huondoka na heshima yake. Kopo la kwanza lilikuwa zawadi. La pili alilinunua mwenyewe, na bei yake ilipokula fedha ya vidonge vya manjano, aliviacha. Alijiambia kwamba dawa mbili katika tumbo moja zitagombana, na kati ya kidonge kinachotia kichefuchefu na kile kinachoitwa kizuri, chaguo si gumu.

Je, alidanganywa? La, si kabisa, na hapo ndipo ugumu ulipo. Habari ya bakteria wenye manufaa si hadithi ya wauza makopo. Élie Metchnikoff, bingwa wa taasisi ya Pasteur mjini Paris aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, alikuwa ameandika mwaka mmoja kabla ya hapo kwamba maziwa yaliyochachuka huenda yakarefusha umri, akiwatolea mfano wakulima wa Bulgaria. Mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, tabibu wa Kijerumani Alfred Nissle alimchunguza askari mmoja ambaye hakuugua tumbo ilhali wenzake walilazwa na kuharisha. Katika choo chake alikuta bakteria aina ya Escherichia coli mwenye tabia ya pekee, akamfuga, na mpaka leo huyo bado anatengenezwa kuwa dawa. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyoandikisha wagonjwa 327 wa kolaitisi ya vidonda waliokwisha kutulia. Kwa miezi 12 wengine walipewa bakteria wa Nissle, wengine mesalazini, dawa iliyo nduguye vidonge vya manjano. Miongoni mwa waliofuata masharti hadi mwisho, ugonjwa uliwarudia kiasi cha asilimia 36 katika kundi la kwanza na asilimia 34 katika la pili. Kwa maneno mengine, walinzi hao wawili walikaribia kulingana.

Lakini matokeo hayo yasomwe yalivyoandikwa. Yalihusu nasaba moja ya bakteria, ugonjwa mmoja kati ya yale mawili, na watu ambao moto wao ulikwisha kuzimwa. Mwaka 2005 watoto 75 wenye ugonjwa wa Crohn waliotulia walijaribiwa kwa bakteria mwingine mashuhuri, wa jamii ya Lactobacillus, juu ya dawa zao za kawaida. Nafuu ya ziada haikuonekana. Mabingwa wa Ulaya wamekubali kwamba bakteria wa Nissle aweza kuwa badala ya mesalazini katika kuulinda utulivu wa kolaitisi ya vidonda. Wenzao wa Marekani, katika mwongozo wa mwaka 2020, walishauri kwamba wenye kolaitisi ya vidonda au Crohn wasitumie bakteria hao ila ndani ya majaribio ya kitabibu. Wanazuoni hawajaafikiana, na kopo halisemi hivyo.

Kiswahili kina msemo unaoweza kulifafanua jambo hili kuliko lebo yoyote: ndugu wa tumbo moja. Watoto wa mama mmoja hulala chumba kimoja, hula sahani moja, kisha mmoja akawa imamu na mwingine mwizi. Ndivyo walivyo bakteria wa jina moja. Escherichia coli wa Nissle hutumika kuulinda utumbo. Ndugu zake wengine wa jina hilo hilo huleta kuhara damu. Kwa hiyo kusema "bakteria wazuri" ni kama kusema "watu wa Msasani": hujamtaja mtu. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo, katika maelezo yao ya mwaka 2001, walitaka vitu vitatu vitimie kabla kitu hakijaitwa probiotiki: kiwe na viumbe hai, kiwe cha kiasi kinachotosha, na kiwe na faida kwa anayekitumia. Kopo la somo lilitaja idadi kwa mabilioni. Halikutaja nasaba, wala ugonjwa. Na kuhusu uhai, lilikaa juu ya kabati la vyombo katika joto la Dar es Salaam, karibu na jiko, ilhali bakteria wengi wa makopo hufa taratibu kwa joto, na baadhi yao huhitaji jokofu tangu kiwandani hadi kinywani.

Wala haikuwa lazima uzuri huo uvuke bahari ndipo ufike. Maziwa mabivu yamekuwa yakinywewa nchi hizi kabla ya famasi kujengwa. Togwa ya nafaka iliyochachuka, inayopendwa sana kusini mwa Tanzania, ilichunguzwa na watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Uswidi katika miaka ya 1990, ikaonekana kwamba watoto walioinywa walipungukiwa na vijidudu vya kuharisha katika choo chao. Mwanza, mwaka 2004, akina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kutengeneza mtindi uitwao Fiti, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ndani yake walitia Lactobacillus rhamnosus wa nasaba ya GR-1, hasa kwa ajili ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Baadaye Waholanzi wa Yoba walileta Uganda, kisha Tanzania, hamira ya mtindi yenye nasaba iliyokwisha kuchunguzwa, ili wazalishaji wadogo waigeuze kwa sufuria na moto wa kuni. Katika kazi hizo zote nasaba ilitajwa, na kusudi lilitajwa. Hakuna hata moja iliyodai kuponya kolaitisi ya vidonda.

Wiki ya sita tangu aache vidonge, damu ilirudi. Wiki ya nane alikuwa akienda choo mara kumi, na magoti hayakumbeba hadi dukani. Mtoto wa kaka yake hakuuliza safari hii, aliita teksi.

"Mama, vile vya manjano bado unameza?" daktari alimuuliza.

Somo alitazama sakafu muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kufundia: "Nimeviacha tangu mfungo uishe. Choo changu ni damu. Si matone, damu. Na usiku siwahi kufika."

Daktari hakumkemea. Alisema, "Ahsante kwa kuniambia," akaandika. Kisha akalichukua kopo, akalisoma pande zote, akamweleza jambo ambalo lilistahili kuelezwa tangu siku ya kwanza. Kidonge cha manjano ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Sehemu yake kubwa hupita tumbo na utumbo mwembamba kikiwa bado kimefungwa. Kikifika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo hukikata fundo. Kipande kimoja hubaki hapo hapo na kuutuliza ukuta uliochubuka; kingine huingia katika damu, nacho ndicho chanzo kikubwa cha kichwa kuuma na moyo kuchafuka. Pasipo bakteria hao, kidonge hakina kazi.

"Kwa hiyo wale wazuri ninao mwenyewe?"

"Unao, mama, na walikuwa na kazi. Uliwaachisha."

Inasemekana somo alicheka, na kwamba ilikuwa mara ya kwanza kucheka ndani ya hospitali. Akapewa prednisoloni ya kupunguzwa hatua kwa hatua, kisha vidonge vya manjano vikarudishwa kidogo kidogo, pamoja na chakula, na vya foliki asidi kando yake. Kuhusu kopo, daktari hakulitupa. Alisema kwamba mtindi auendeleze maadamu unampatana. Na fedha ikizidi, akitaka bakteria wa famasi, aje kwanza waulizane ni wa nasaba gani, na wawe juu ya dawa, kamwe wasiwe badala yake. Akaongeza kwamba kwa mgonjwa aliyedhoofika sana, au aliyeshushwa kinga na dawa kali, hata bakteria mpole ameonekana, japo kwa nadra, kupotea njia na kuingia katika damu. Kiumbe hai ni mgeni. Hukaribishwa kwa kujulikana.

Ingekuwa rahisi kumlaumu msichana aliyelileta kopo, ama famasi iliyoliuza. Msichana alileta alichokuwa nacho, kwa mapenzi. Lawama, kama ipo, iko katika ile sifa iliyofanya kopo lipendeze: kwamba halihitaji mazungumzo. Maradhi haya hayapimwi kwa macho ya mtu mwingine barabarani. Mgonjwa huonekana mzima, amevaa khanga safi, anatabasamu. Kipimo cha kwanza ni ulimi wake mwenyewe. Kamera ya hospitali haina njia ya kuwafikia wasiosema kwamba wametoka damu.

Somo bado anameza vidonge vyake, asubuhi na jioni, na mtindi haukosekani nyumbani kwake. Ugonjwa haujaondoka, umelala, na yeye anajua kwamba aliyelala huamka. Akialikwa shughuli, kabla ya kuuliza rangi ya sare huuliza choo kiko wapi, na huuliza mbele za watu. Katika mafunzo yake ameongeza jambo moja. Baada ya usafi na kabla ya unyumba, mwali hufundishwa kukitazama choo chake kabla ya kumwaga maji, na akiona damu aiite damu: kwa mama yake, kwa mumewe, kwa daktari. Wali wa mwanzo waliofundishwa hivyo walijifunika nyuso kwa khanga, wakacheka mpaka machozi. Mmoja hakucheka. Alingoja wenzake wakatoka nje, akasogea mkekani, akaanza kusema.